Mwana Kupona binti Mshamu: Maisha Yake na Wasia Wake

Katika tendi zilizosalia kutoka nchi ya Waswahili wa kaskazini, Utendi wa Mwana Kupona ni mfupi. Una beti 102, ambazo ni chache mno zikipimwa na zile za Utendi wa Ras al-Ghuli, uliopita beti 4,000. Hata hivyo ni nadra kupata utendi ulionakiliwa, ukakaririwa na kujadiliwa kuliko huu. Aghalabu hutajwa kuwa ni utendi wa kumfundisha mke namna ya kumtii mumewe, na anwani ya Kiingereza ambayo Alice Werner na William Hichens waliupa katika toleo lao la mwaka 1934, yenye kutaja wajibu wa mke, ilizidi kuitia nguvu fikira hiyo. Fikira hiyo si ya uongo, bali ni pungufu. Mwenye kuyajua maisha ya mtungaji, na hasa hali aliyokuwa nayo mwaka 1858, ataona kwamba utendi huu kwanza ni wasia, kwa maana zote mbili ambazo neno hilo linazo katika Kiswahili: nasaha ya mkubwa kwa mdogo, na agizo la mtu anayekaribia kufa juu ya kitu atakachomwachia mwenziwe.

Pate na Siyu

Kisiwa cha Pate kimo katika visiwa vya Lamu, kwenye pwani ya Kenya. Miji yake mikubwa ya kale ni mitatu: Pate, Siyu na Faza. Mji wa Pate ulitawaliwa na ukoo wa Wanabahani, na katika karne ya 18 ulisifika kwa utajiri wake, majumba yake na washairi wake. Nguvu hiyo ilivunjika karibu na mwaka 1812, pale majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yaliposhindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Watu wa Lamu, kwa kuogopa kulipiziwa kisasi, walitafuta himaya ya Seyyid Said bin Sultan wa Omani. Tangu hapo mkono wa Omani, na baadaye wa Unguja, ulizidi kunyoshwa juu ya miji ya kaskazini.

Siyu ulikuwa mji wa namna nyingine. Haukuwa na jina kubwa la biashara ya ng'ambo kama Pate au Lamu; sifa yake ilikuwa kazi ya mikono na elimu. Mafundi wake walichonga milango, walifanya kazi za ngozi, na wanakili wake waliandika misahafu ambayo hata leo wataalamu wa hati za mkono huitambua kwa nakshi zake. Mji wenye wanakili ni mji wenye wino na karatasi, na wenye watu waliozoea kwamba neno zuri yafaa liandikwe lisipotee. Jambo hili halina budi kukumbukwa na kila atakayeuliza namna gani mwanamke wa mahali hapo aliweza kutunga na kuandika.

Mtawala wa Siyu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 alikuwa Sheikh Mataka bin Mubaraka, ambaye watu humjua zaidi kwa jina la Bwana Mataka. Huyu hakukubali kuwekwa chini ya Seyyid Said. Katika miaka ya 1840 Seyyid alipeleka majeshi kutoka ng'ambo kuja kuutiisha mji huo mdogo, nayo yakarudi nyuma yameshindwa. Jemadari wake, Amir Hamad, aliuawa katika vita hivyo. Basi nyumba aliyoolewa Mwana Kupona haikuwa nyumba ya raha tu. Ilikuwa nyumba ya mtawala aliye vitani miaka yote, na mkewe alijua maana ya kumngoja mtu ambaye huenda asirudi.

Mwana Kupona

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Wengi hukadiria karibu na mwaka 1810. Neno "Mwana" mwanzoni mwa jina lake ni alama ya heshima ya mwanamke muungwana, kama vile "Bwana" ilivyo kwa mwanamume. Aliolewa na Bwana Mataka akawa mkewe wa mwisho, na miongoni mwa watoto waliozaliwa katika ndoa hiyo ni binti aliyeitwa Mwana Hashima.

Elimu yake yaonekana katika kazi yake. Alijua kusoma na kuandika kwa hati za Kiarabu, alijua nguzo za dini na hadithi za Mtume, na maneno ya Kiarabu aliyoyatumia ameyaweka mahali pake bila kulemewa nayo. Alijua pia kanuni za utendi: kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani minane, vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na kipande cha nne kina kina cha bahari ambacho hakibadiliki tangu mwanzo hata mwisho. Mtu hawezi kulihimili jambo hilo kwa beti 102 pasipo mazoezi marefu. Ni dhahiri kwamba utendi huu haukuwa jaribio la kwanza la mwenye kuutunga.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki. Seyyid Said naye alikufa mwaka huo huo, na mwanawe Seyyid Majid akashika utawala Unguja. Vita havikwisha kwa kufa kwa wakubwa hao wawili. Vilirithiwa na wana wao. Mwana Kupona akawa mjane katika nyumba iliyopoteza kichwa chake, naye mwenyewe akashikwa na maradhi. Katika beti za mwanzo anasema kwamba ugonjwa umemkaa mwaka mzima, na kwamba muda huo wote hakupata wasaa wa kumwambia bintiye neno jema alilokusudia. Mwana Hashima alikuwa na umri wa miaka ipatayo 17. Baba hayupo, mama yu mgonjwa, na vita viko mlangoni. Hii ndiyo hali ambayo utendi ulitungwa.

Mwishoni mtungaji ameandika tarehe kwa hesabu ya hijra, mwaka 1275, ambao ulianza mwezi wa Agosti 1858. Alifariki katika miaka ya 1860.

Lugha ya utendi

Msomaji wa leo aliyefundishwa Kiswahili sanifu hukutana na utendi huu kama anayekutana na ndugu aliyekulia mji mwingine: sura anaijua, lakini mazungumzo humtatiza. Lugha yake ni ya kaskazini, yaani Kiamu na jamaa zake wa kisiwa cha Pate. Mahali pengi penye "ch" katika Kiunguja, lahaja hizo huweka "t", kama "mato" kwa "macho" na "nti" kwa "nchi". Penye "j" huweka "y", kama "moya" kwa "moja" na "muyi" kwa "mji". Na ikiwa sauti hiyo yafuata "n", mara nyingi huwa "nd", kama "ndia" kwa "njia".

Tofauti hizi si ndogo kwa mwanafunzi. Mwanafunzi wa Masakta, katika nchi ya Hanang na Mbulu, ambako Kiswahili kilikuja juu ya Kiiraqw na lugha nyingine za nyumbani, amekijua Kiswahili kwa vitabu vya shule. Akilikuta neno "ndoo" katika beti za mwanzo, kwanza atafikiri chombo cha kutekea maji, hali mama anamwambia bintiye "njoo". Neno "negema" nalo, ambalo maana yake ni kusogea karibu, huenda hajapata kulisikia kabisa. Kwa hiyo kazi ya kufasiri utendi huu si ya Waingereza peke yao. Hata mwenye Kiswahili anahitaji kufasiriwa.

Hati nazo zina shida yake. Maandishi ya Kiarabu kama yalivyotumiwa zamani hayakutenga "e" na "i", wala "o" na "u", na baadhi ya konsonanti za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi moja. Mnakili aliyekuwa akiujua utendi kwa moyo hakupata taabu, mgeni alipata. Ndiyo sababu kazi ya wanakili wa Lamu, hasa Muhammad Kijuma, aliyekuwa fundi wa hati na wa kuchonga pia, ilikuwa na thamani kubwa kwa wataalamu waliokuja kutafuta tendi mwanzoni mwa karne ya 20. Alice Werner alichapisha utendi huu kwanza mwaka 1917, kisha pamoja na Hichens mwaka 1934. J. W. T. Allen akautoa tena mwaka 1971 katika kitabu chake cha tendi sita.

Mapambo ya maneno

Kabla ya kutaja agizo lo lote, mama anamwita binti akae mbele yake na kuleta wino na karatasi, kwa kuwa ana habari moyoni ambayo apenda kumwambia. Jambo hili hupitwa upesi na wasomaji wengi, nalo ni kubwa. Binti aliyeagizwa wino na karatasi ni binti ajuaye kuandika. Mgonjwa anasema na kijana anaandika. Wasia unapita kinywani mwa mmoja na mkononi mwa mwingine, na elimu ya wote wawili imo ndani yake.

Baada ya kumtaja Mungu na kumsalia Mtume, na kukumbusha kwamba ulimwengu haumsazi mtu, mama anaeleza ni kitu gani anachompa. Anampa hirizi, aifunge vema kwa uzi. Anamtungia kidani cha lulu na marijani akivae shingoni. Anampa na kifungo kizuri kisicho dosari. Vyote hivi ni maneno, wala hakuna johari iliyotoka kashani. Lakini mifano hii haikuchaguliwa ovyo. Ni vitu ambavyo mama muungwana wa Pate au Siyu angemvika bintiye anapotoka kuolewa, na ambavyo binti angetazamia kuvirithi.

Hapa ndipo neno "wasia" linapopata uzito wake. Kwa fiqhi ya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, wasia wa mali hauwezi kupita thuluthi moja, tena wasia wa mali kwa mrithi haupiti ila warithi wengine wakiridhia. Mrithi ana fungu lake lililokwisha kupangwa, na binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake mwanamume. Basi mama aliyetaka kumwachia bintiye kitu zaidi ya fungu hilo hakuwa na njia nyepesi katika mali. Alikuwa nayo katika maneno. Hirizi, kidani na kifungo cha utendi ni urithi usioingia katika hesabu ya kadhi. Zaidi ya hayo, ni urithi ambao jeshi la Unguja lisingeweza kuuteka.

Radhi tano

Maagizo yenyewe yamepangwa kwa utaratibu. La kwanza ni kushika dini, faradhi na sunna. La pili ni adabu na ulimi mwema, ili binti apendwe kila atakapoingia. La tatu ni ukweli, na kutofuatana na mtu asiyeshika haki. Kisha yafuata maagizo ya kukaa na watu: kuwainukia wakubwa, kusema maneno ya kufurahisha, kunyamaza panapo chuki, kutokuwa na dhana juu ya jambo usiloliona, na kuepuka kunong'ona. Haya si mafundisho ya mke kwa mume. Ni mafundisho ya mtu wa daraja ya juu atakayeishi kati ya watu wengi wanaomtazama, na ambaye neno lake moja baya laweza kuwa jambo la mji mzima.

Daraja hiyo ina upande wake wa giza pia. Mama anamwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Nyumba za waungwana wa kaskazini zilitegemea kazi ya watumwa, na katika pwani ya Kenya utumwa haukuondolewa kwa sheria mpaka mwaka 1907. Mtungaji hakulifikiri jambo hilo kuwa ni la kuulizwa. Msomaji wa leo hana sababu ya kulificha wala kulipamba. Limo, na lasema wazi kwamba hekima ya utendi ni hekima ya tabaka moja.

Ndipo yanapokuja yale yaliyoupa utendi umaarufu wake. Mama anasema kwamba mtu apate raha ya dunia na akhera ahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Baada ya hapo beti nyingi zaeleza namna ya kuipata hiyo ya tano. Mke amtunze mumewe, amkande, ampepee, asimpigie kelele usingizini. Nyumba iwe safi hata chooni. Yeye mwenyewe ajipambe, anukie, wala asitoke pasipo ruhusa.

Wako wasomaji walioona hapa utii mtupu. Wengine wamelitazama jambo kwa jicho jingine. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliutaka usomaji wa desturi uangaliwe upya, akionyesha kwamba lugha ya utii katika utendi huu inabeba na uwezo ndani yake. Hoja hiyo ina nguvu mahali mtungaji anaposema kwamba mume atunzwe kama mtoto mdogo asiyejua kunena. Anayemlea mtoto ndiye mwenye akili nyumbani, hata kama mtoto ndiye anayependezwa.

Ni rahisi, hata hivyo, kuipeleka hoja hii mbali kuliko utendi unavyoruhusu. Mwana Kupona hafanyi mzaha na radhi ya mume. Anatoa ushahidi wa maisha yake: anaeleza jinsi alivyokaa na mumewe kwa mapatano, na jinsi mume huyo alivyomwachia radhi yake mpaka siku ya kufa kwake. Kwa mjane mgonjwa, kumbukumbu hiyo ni mali. Na kwa binti asiye na baba, katika mji unaotazamia vita, mume mwema ndiye angekuwa kinga ya kwanza ya dunia hii. Mama hakuwa akiandika juu ya namna ulimwengu ungepaswa kuwa. Alikuwa akimwandaa mtu mmoja aishi salama katika ulimwengu uliokuwapo, kwa silaha alizoruhusiwa kuzishika: dini, adabu, usafi, ulimi na akili.

Mfano wa Ban Zhao

Hali hii si ya pwani ya Afrika peke yake. Katika Uchina ya kale, zama za ufalme wa Han, aliishi bibi mmoja wa ukoo mtukufu na wenye elimu, jina lake Ban Zhao, aliyezaliwa karibu na mwaka 45 baada ya Kristo. Alifiwa na mumewe mapema, wala hakuolewa tena. Ndugu yake, Ban Gu, alikufa gerezani mwaka 92 kabla ya kuimaliza tarehe kubwa ya ufalme huo, na mfalme akamwita Ban Zhao aikamilishe. Alifundisha katika jumba la mfalme, na malkia Deng alikuwa mwanafunzi wake. Alitunga mashairi pia, likiwamo moja la safari yake ya kwenda mashariki.

Karibu na mwaka 106, katika ugonjwa, Ban Zhao aliandika kitabu kidogo cha milango saba cha kuwaonya mabinti wa nyumba yake, kwa kuwa walikuwa karibu kuolewa naye aliogopa wasije wakauaibisha ukoo. Akawaagiza kila mmoja ajinakilie nakala yake. Humo alifundisha unyenyekevu, heshima kwa mume na kukaa vema na jamaa zake; lakini pia alihoji kwa nini watoto wa kiume wafundishwe kusoma na wa kike waachwe.

Mwana Kupona hakupata kuisikia habari yake, na miaka zaidi ya 1,700 imewatenga. Kwa hiyo kufanana kwao hakutokani na kuigana. Wote wawili ni wajane wa daraja ya juu, wagonjwa, wenye mabinti wasioolewa, na wenye elimu ambayo mabinti wengi wa zama zao hawakuipata. Wote wawili wameandika maagizo ya utii kwa mkono ambao wenyewe haukuwa mkono wa mtu wa kutiishwa tu. Na wote wawili wamehukumiwa na vizazi vya baadaye kwa maneno yao juu ya mume, huku kitendo chao cha kuandika kikisahauliwa. Tofauti kubwa iko katika chombo walichokitumia. Ban Zhao aliandika kwa nathari ya wanazuoni, ya kusomwa. Mwana Kupona alichagua utendi, ambao huimbwa kwa sauti na kushikwa na moyo hata na asiyejua herufi. Wasia wake ulikuwa na njia ya kupita hata pale karatasi isipofika.

Baada ya wasia

Sehemu ya mwisho ya utendi ni dua. Mama anajiombea afya, anawaweka wanawe na ndugu zake mikononi mwa Mungu, kisha anawaombea Waislamu wote. Halafu anawageukia wanawake kwa jumla, anawaambia wasome na waelewe. Kwa hivyo wasia ulioanza na binti mmoja aliyeitwa asogee karibu umeishia kwa wanawake wote, na mtungaji anaweka jina lake, jina la babake na tarehe ili ajulikane.

Mwaka 1863 Siyu ulishindwa na majeshi ya Seyyid Majid. Muhammad, mwana wa Bwana Mataka aliyeendelea na vita vya baba yake, alikamatwa akafungwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, akafia humo. Utawala ambao ukoo huo uliupigania kwa miaka mingi ukaisha.

Kilichobaki ni kile alichokiacha mwanamke wa nyumba hiyo. Beti zake zilinakiliwa kutoka mkono mmoja hata mwingine, wanawake wakaziimba Lamu na kwingineko, na mfano wake wa mzazi kumwachia mwanawe utenzi ukaendelea. Shaaban Robert (1909–1962), aliyezaliwa karibu na Tanga na mbali na lahaja ya Siyu, naye aliwatungia wanawe: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Katika chuo cha Kiswahili, basi, Utendi wa Mwana Kupona wastahili kufundishwa pamoja na mwaka 1856 ulioutangulia na mwaka 1863 uliofuata. Ukitengwa na miaka hiyo, yasalia maagizo ya ndoa. Ukiwekwa kati yake, yaonekana hesabu ya mama aliyepima nini kingepotea na nini kingebaki, akamwandikia binti yake kile ambacho kingebaki.